Kibali Kiliishia Menengai, Kamera Ikafika Juba

Kamera ya joto yenye uzito usiofika nusu kilo ilitoka Nakuru Jumatatu asubuhi ndani ya sanduku gumu la plastiki. Ilipita Malaba, Tororo na Gulu, ikavuka mpaka Nimule na kuingia Juba. Siku ya kumi na moja ilikuwa imerudi Nakuru, mbovu. Hakuna aliyeiuza, hakuna aliyeificha, na hakuna aliyetoa hongo popote njiani. Hata hivyo safari hiyo ilivunja sheria za Marekani, nchi ambayo gari halikuikaribia.

Kampuni na wateja wa kisa hiki ni wa mfano. Kanuni, nambari za orodha na hesabu za kamera ni halisi, na yeyote anayefanya kazi ya droni, upimaji au ukaguzi wa mitambo kati ya Nakuru, Kisumu na Malaba anaweza kujikuta humo.

Kampuni ina watu saba. Kazi yake kubwa ni kukagua mabomba ya mvuke Menengai, eneo la jotoardhi karibu na Nakuru, ambako uchimbaji wa visima ulianza 2011. Bomba la mvuke huvikwa koti la kuzuia joto, na juu yake bati. Maji ya mvua yakipenya kwenye kiungo cha bati, koti hulowa, joto huvuja, na chuma huanza kuoza kwa ndani bila mtu kujua. Macho hayaoni kitu. Kamera ya joto ikipita juu saa kumi na moja alfajiri, kabla jua halijapasha miamba ya kaldera, yaani bonde la volkano, kiungo kibovu hung'aa kama kaa la moto. Kazi ni ya kiraia kuanzia mwanzo hadi mwisho, na hilo ndilo lililowalaza usingizi wote waliohusika.

Nambari iliyo kwenye karatasi

Kamera ilinunuliwa moja kwa moja kwa mtengenezaji wa Marekani kwa dola 7,800. Kitambuzi chake kina pikseli 640 kwa 512, na hutoa fremu 30 kwa sekunde. Tarakimu hizo mbili ndizo zilizoamua kila kitu kilichofuata.

Katika orodha ya Marekani ya bidhaa zenye matumizi ya kiraia na ya kijeshi, kamera ya aina hii iko chini ya 6A003, kifungu b.4.b. Tarakimu 6 ni kundi la vitambuzi na leza, na herufi A maana yake ni kifaa chenyewe, si programu wala maarifa ya kukitengeneza. Kamera hiyohiyo ikiwa imefungwa kiwandani isizidi fremu 9 kwa sekunde, na mtumiaji asiweze kuifungua, huhamia 6A993.a. Ukoo ni uleule, ila mzigo wa vibali vya Marekani vya kupeleka kifaa nchi nyingine ni mwepesi mno: kwa Kenya, Uganda na hata Sudan Kusini, kazi ya kawaida ya kiraia haidai kibali. Sababu ya kuchagua 9 ni kwamba kwa kasi hiyo ni vigumu kulenga kitu kinachotembea au kuendesha chombo gizani. Kuna alama nyingine ndani ya 6A003: kamera zenye zaidi ya vipengele 111,000, yaani pikseli, hubanwa zaidi. Hii ilikuwa na 327,680.

Wapo wanaodhani dawa ni kununua Ulaya. Sivyo. Orodha hizi zinatokana na Mapatano ya Wassenaar, ya nchi zinazokubaliana kudhibiti bidhaa hizi, yaliyoanza kazi 1996, yenye makao Vienna na nchi wanachama 42. Afrika nzima ina mwanachama mmoja tu, Afrika Kusini. Umoja wa Ulaya unatumia nambari ileile ya 6A003 katika Kanuni yake ya 2021/821, na muuzaji wa Ujerumani atadai hati ya mtumiaji wa mwisho yenye ahadi kwamba kifaa hakitapelekwa nchi nyingine bila idhini. Kenya si mwanachama wa Wassenaar. Masharti hayo huifikia Nakuru yakiwa yamebandikwa kwenye bidhaa yenyewe.

Droni iliyobeba kamera haikuwa na shida upande huu. Inaruka dakika 28, na kifungu cha 9A012 kinaanzia dakika 30, tena kwa droni iliyoundwa kupaa na kutulia katika upepo wa ghafla wa kilomita 46.3 kwa saa, au inayokaa angani saa nzima. Kibali cha KCAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya Kenya, chini ya kanuni za 2020 walikuwa nacho. Lakini kibali cha kurusha ni jambo moja na kibali cha kamera yenyewe ni jingine, na kupata cha kwanza hakukusaidii lolote kwenye cha pili.

Fremu 30 za nini?

Hapa ndipo tunapoona kosa lilipozaliwa, miezi mingi kabla ya safari. Chukua kamera yenyewe: pikseli za mikroni 12, lenzi ya milimita 13. Ikiwa mita 60 juu ya ardhi, kila pikseli inafunika sentimita 5.5, kwa hiyo bomba la nusu mita linapata pikseli tisa kwa upana. Picha moja inafunika mita 35 kwa 28. Ukitaka picha zipandane kwa asilimia 80 ili ziunganishwe kuwa ramani, unahitaji picha mpya kila mita 5.7. Droni ikienda mita 5 kwa sekunde, hiyo ni picha moja kila sekunde 1.1.

Picha moja kwa sekunde, basi. Fremu 9 zinatosha na kubaki.

Hoja ya kawaida ni kwamba fremu nyingi huzuia ukungu kwenye picha. Si kweli kwa kamera hizi zisizopozwa, ambazo kitambuzi chake hakina kipoza. Ukungu unatokana na muda ambao pikseli inachukua kupokea joto na kutulia, takriban sehemu 10 kati ya 1,000 za sekunde moja. Kwa mita 5 kwa sekunde, droni inasogea sentimita 5 katika muda huo, pungufu ya pikseli moja. Kamera ya fremu 9 yenye kitambuzi kilekile ina ukungu uleule. Fremu 30 zinampendeza rubani anayeangalia skrini, picha haikatikikatiki. Ripoti ya mteja haifaidi chochote. Kampuni ililipia ulaini wa skrini kwa kifungo cha kibali, na hakuna aliyeifanya hesabu hii ya mistari mitatu kabla ya kuagiza.

Kilichoandikwa kwenye kibali

Kibali kilitolewa na Ofisi ya Viwanda na Usalama ya Wizara ya Biashara ya Marekani, BIS. Mwombaji alikuwa mtengenezaji. Kampuni ya Nakuru ilitajwa kama mpokeaji na mtumiaji wa mwisho, kazi ikatajwa kuwa ukaguzi wa mabomba ya mvuke, na mahali pakatajwa kuwa Kenya. Kulikuwa na sharti la kutouza, kutokabidhi na kutopeleka nchi nyingine bila idhini mpya. Meneja alitia sahihi kwenye tamko la mtumiaji, akalituma kwa barua pepe, akalisahau.

Onyo hilohilo lilikuwa pia chini ya ankara: kwamba bidhaa inadhibitiwa na serikali ya Marekani na imeruhusiwa kwenda nchi iliyotajwa tu, kwa mtumiaji aliyetajwa. Ankara ilibaki kwa ajenti wa forodha Mombasa pamoja na karatasi za ushuru. Huu ndio udhaifu wa ofisi nyingi ndogo. Karatasi inayobeba masharti inachukuliwa kuwa karatasi ya ushuru, na ushuru ukishalipwa inaingia kwenye faili ambalo rubani hataliona maisha yake yote. Rubani anajua betri, upepo na KCAA. Hakuna aliyemwambia kwamba sanduku analolibeba lina mipaka yake tofauti na mipaka ya bima ya gari.

Siku kumi na moja

Mteja wa Juba alikuwa na kituo cha stima cha dizeli na alitaka kujua kwa nini viungo vya nyaya kubwa vinachemka. Kazi nzuri, malipo mazuri. Swali la mipaka liliulizwa, lakini liliulizwa kwa upande mmoja tu. Sudan Kusini iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki 2016, chombo ni cha kazi, kinakwenda na kurudi, ushuru hakuna. Hata hapo walikata kona: walipaswa kuandikisha nambari ya kamera na ya droni kwa forodha ya Kenya kabla ya kutoka, ili wakirudi iwe wazi kwamba ni mali ileile. Hawakufanya hivyo. Watu wa Malaba hawakufungua sanduku, na kutofunguliwa kwa sanduku kukachukuliwa kuwa ruhusa.

Forodha inauliza kama umelipa. Udhibiti wa bidhaa hizi unauliza ni kitu gani, kinakwenda wapi, kwa nani, kufanya nini, na swali hilo huulizwa upya kila kifaa kinapopelekwa nchi nyingine, hata kama mwenye kamera habadiliki. Kwa macho ya sheria ya Marekani, kupita Uganda njiani hakubadilishi kitu: safari yote inahesabiwa kuwa ni kuipeleka kamera Sudan Kusini.

Sudan Kusini si jirani wa kawaida katika jambo hili. Baraza la Usalama liliiwekea vikwazo vya silaha kwa azimio 2428 la Julai 13, 2018, na vikwazo hivyo vimekuwa vikiongezwa mwaka hadi mwaka. Vinazihusu nchi zote, Kenya ikiwemo. Kamera ya kukagua nyaya si silaha. Lakini inapoingia mikononi mwa watu wenye bunduki, mtu anayetetea kwamba ni chombo cha kiraia tu anaanza kuwa na kazi ngumu.

Na iliingia. Usiku wa nne, msimamizi wa kituo, Mkenya mwenzao, alimwambia rubani: "Ndugu yangu, niachie hiyo kamera usiku wa leo na kesho. Walinzi wanasema kuna watu wanaruka ua kuiba mafuta." Rubani aliona ni utu, akaiacha, akaenda kulala hotelini. Kwa usiku mbili kamera ilitazama ua kutoka juu ya tangi. Baadaye ilijulikana kwamba wawili kati ya walinzi watatu walikuwa askari polisi waliopangiwa kituo hicho.

Usiku hizo mbili ziliharibu utetezi ambao huenda ungekuwepo. Sheria ya Marekani ina msamaha kwa zana za kazi zinazosafiri kwa muda mfupi, usiozidi mwaka mmoja. Msamaha huo unadai zana ibaki chini ya udhibiti wa mwenyewe, maana yake awe nayo mkononi au iwe imefungiwa mahali salama, kama kabati la chuma la hoteli. Kamera iliyo juu ya tangi na mtu mwingine haiko chini ya udhibiti wa aliyelala mjini. Halafu kuna kifungu cha 744.9 cha kanuni za Marekani, ambacho watu wengi hawakijui: kamera hizi zikikusudiwa kutumiwa na jeshi, idara ya ujasusi au polisi wa taifa, kibali kinahitajika hata kwa zile za fremu 9. Kwa hiyo hata kama kampuni ingenunua kamera nyepesi, zile usiku mbili zingebaki kosa.

Kifuniko kilichokwama

Ndani ya kamera isiyopozwa kuna kifuniko kidogo kinachoshuka mbele ya kitambuzi kila baada ya dakika chache, ukisikia mlio mdogo wa "tik". Kamera hukitumia kama uso wenye joto sawa ili kusawazisha pikseli zake. Vumbi, joto na mtikisiko vikikichosha, hukwama kimeshuka na skrini hubaki kijivu, au hukwama kimepanda na picha hujaa milia na vivuli vya picha za zamani. Hii ilikwama kimeshuka, njiani kwenye kilomita 192 za Juba hadi Nimule.

Kamera ilitumwa kwa mtengenezaji. Fomu ya matengenezo iliuliza: tangu kununuliwa, kifaa kimetumika nchi gani? Kuna mtu mwingine aliyekitumia? Karani wa Nakuru, ambaye hakuwa safarini, aliandika Kenya, na hapana.

Fundi alipoiwasha baada ya kubadili kifuniko alifungua picha za mwisho ili kulinganisha. Kila picha hubeba saa na mahali ilipopigwa. Menengai iko kusini kidogo ya ikweta, karibu digrii 36 mashariki. Picha zilionyesha takriban 4.8 kaskazini na 31.6 mashariki, na baadhi zilikuwa za ua, saa nane na dakika za usiku.

Kwa maoni yetu jibu la karani ndilo lililokuwa zito kuliko safari yenyewe. Safari ilitokana na kutojua, na kutojua kunaelezeka. Taarifa ya uongo kwenye fomu ya bidhaa inayodhibitiwa ni kosa linalojitegemea, na linabadilisha namna kila kitu kingine kinavyosomwa. Karani hakukusudia kudanganya. Alijaza kama anavyojaza fomu zote, akinakili anwani ya kampuni.

Baada ya hapo kamera ilikwama Marekani, na wengi hawaelewi kwa nini. Mtengenezaji hakuwa akikomoa mtu. Katazo la kumi katika kanuni za Marekani linamzuia yeyote anayejua kwamba bidhaa imehusika katika ukiukaji asiiuze, asiisafirishe wala asiitengeneze, mpaka aidhinishwe. Angeirudisha Nakuru, angekuwa ameingia kwenye kosa yeye mwenyewe. Aliiweka kwenye ghala lililofungwa na kuandika barua akitaka maelezo ndani ya siku 14.

Kulisema kabla ya kuulizwa

Kampuni ilikuwa na njia mbili: kunyamaza na kununua kamera nyingine, au kutoa tamko la hiari kwa BIS. Kunyamaza kusingefaa, kwa kuwa mtengenezaji alikuwa tayari anajua na angeweza kuripoti upande wake. Kwa makosa ya kiutawala adhabu inaweza kuzidi dola 300,000 kwa kila kosa au kufika mara mbili ya thamani ya biashara, ipi iliyo kubwa. Kwa makusudi, sheria ya Marekani ya 2018 inafika dola milioni moja na miaka 20 jela. Kampuni ya Nakuru inaweza kusema haitakamatwa Kenya kwa hayo. Lakini jina lake likiwekwa kwenye orodha ya wanaonyimwa, hakuna muuzaji makini atakayewauzia hata betri, na wateja wa Menengai wanaofadhiliwa na mabenki ya nje watauliza kwa nini.

Tamko linaanza na taarifa fupi: nani, kitu gani, kosa gani linashukiwa. Baada ya hapo kuna siku 180 za kuleta maelezo kamili. Kampuni ilitumia siku 52. Iliweka tiketi za hoteli, daftari la safari, mkataba wa Juba, ankara, tamko la mtumiaji lililotiwa sahihi, picha zote bila kufuta hata moja, na barua ya msimamizi wa kituo inayowataja walinzi kwa kazi zao. Barua hiyo ndiyo iliyochukua muda mrefu zaidi kupatikana, na bila hiyo swali la polisi lingebaki wazi na kusomwa kwa ubaya. Jibu la karani lilielezwa jinsi lilivyotokea, bila kulipamba. Pamoja na tamko liliombwa ruhusa maalumu ya kumalizia matengenezo na kuirudisha kamera.

Sehemu kubwa ya matamko ya hiari huishia barua ya onyo au kufungwa bila hatua, hasa kwa kosa la kwanza lisilo na nia mbaya. Hilo si ahadi. Taarifa ya uongo na mkono wa polisi ni mambo yanayoongeza uzito, na kampuni iliyasema yote mawili.

Ombi ambalo lingetosha

Kibali cha kupeleka Juba kingeweza kuombwa na kampuni ya Nakuru yenyewe kupitia SNAP-R, mfumo wa BIS wa maombi ya mtandaoni, na BIS haitozi ada. Maombi hushughulikiwa kwa saa inayojulikana: siku 9 za mwanzo ndani ya BIS, siku 30 kwa idara nyingine kutoa maoni, na kikomo cha siku 90 kwa jumla. Mkataba wa Juba ulisainiwa wiki 5 kabla ya safari, kwa hiyo kibali huenda kisingewahi, na kwa nchi yenye vikwazo vya silaha kingeweza kukataliwa. Lakini kazi yenyewe haikuhitaji kamera hiyo. Kiungo cha waya kinachochemka hakikimbii. Kamera ya mkononi ya fremu 9 ingekiona vizuri, ukiwa umesimama mita 4 kutoka kwenye kiungo, bila droni, bila KCAA, na bila kibali cha BIS, mradi isiachwe kwa walinzi.

Kampuni sasa imenunua kamera ya namna hiyo. Ndani ya kifuniko cha kila sanduku kumebandikwa karatasi iliyotiwa plastiki: nambari ya kifaa, nambari ya orodha, nchi zilizoruhusiwa, jina la anayeweza kukishika, na simu ya meneja. Fomu za matengenezo hujazwa na rubani aliyekuwa na kifaa, na karani hutia sahihi baada yake. Picha za kila kazi huhifadhiwa pamoja na daftari la safari kwa miaka mitano, muda ambao kanuni za Marekani zinadai kumbukumbu zitunzwe. Folda ya Juba imo kati ya hizo, picha za ua zikiwemo.